Uzi: Vidonge vya vimeng'enya vya nanasi na papai vinafanya kazi gani hasa mwilini?

#1 Chembechembe (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kila wiki mtu anaulizia vidonge vya vimeng'enya vya mimea: bromelaini ya nanasi, papaini ya papai, au mchanganyiko wa vyote. Lebo zinaahidi tumbo jepesi, viungo visivyouma, uvimbe kuisha baada ya upasuaji, kinga imara.

Hoja yangu ni hii. Kimeng'enya ni protini, na tumbo kazi yake ni kuvunja protini. Kidonge kikikutana na asidi na pepsini, kimeng'enya cha tumbo cha kukata protini, kinaishia kuwa amino asidi, sawa na kipande cha yai. Kinaweza kusaidia kidogo mmeng'enyo kikiwa bado tumboni, lakini habari ya kutuliza goti linalouma haina njia ya kutokea. Anayepinga alete maelezo, asilete picha za matangazo.

#2 Bi Mizani
Hapo umepatia nusu. Protini zote hazivunjiki kwa kasi moja. Bromelaini inafanya kazi kuanzia pH 4.5 hivi hadi kupita 8 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi), na tumbo lenye chakula haliko pH 2 muda wote. Chakula kikiingia, asidi inazimuliwa, pH inapanda hadi 4 au 5, kisha inashuka taratibu. Papaini ndiyo dhaifu zaidi hapo, pH ikienda chini ya 3 inaharibika upesi.

Halafu kuna utafiti wa mwaka 1997: wanaume 19 wenye afya walipewa bromelaini gramu 3 kwa siku kwa mdomo, na ikakutwa kwenye damu bila kuvunjwa. Kwa hiyo kusema yote inaishia kuwa amino asidi si sahihi.

#3 Chembechembe
Asante Bi Mizani, lakini taja na kiasi kilichokutwa. Ni cha kupimwa kwa nanogramu. Gramu 3 ni vidonge 6 vya miligramu 500, na kilichovuka utumbo ni tone. Swali bado liko palepale: tone hilo linatuliza nini?

#4 Dozi Kamili
Mnabishania damu wakati wanunuzi wengi hawajui wanameza nini. Miligramu kwenye lebo ya kimeng'enya hazisemi kitu. Kinachohesabika ni nguvu ya kukata protini, na kila kimeng'enya kina kipimo chake.

Bromelaini hupimwa kwa GDU, yaani uwezo wa kumeng'enya gelatini, au MCU, uwezo wa kugandisha maziwa. GDU 1 ni sawa na MCU 1.5 hivi. Sasa chukua vidonge viwili, vyote vimeandikwa "bromelaini 500 mg". Kimoja kina unga wa GDU 2,400 kwa gramu, unapata GDU 1,200. Kingine kina unga wa GDU 600 kwa gramu, unapata GDU 300. Uzito ule ule, nguvu tofauti mara nne. Na kuna wanaoandika MCU 3,600 kwa gramu ili namba ionekane kubwa, kumbe ni unga ule ule wa GDU 2,400.

Papaini hupimwa kwa vipimo vya USP, kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani. Papaini iliyosafishwa kwa kiwango cha kitabu hicho cha dawa haipungui vipimo 6,000 kwa kila miligramu. Ukikuta lebo ina miligramu peke yake bila GDU, MCU, FIP (kipimo kingine cha nguvu ya vimeng'enya) wala USP, irudishe.

#5 Tunda Bichi
Kwa nini mtu asile nanasi lenyewe? Bromelaini imo, nyuzinyuzi zimo, vitamini C imo.

#6 Bi Mizani
Kula nanasi ni jambo jema, ila usilihesabu kama dozi. Bromelaini ya viwandani inatolewa kwenye shina, sehemu ngumu inayobaki shambani baada ya mavuno, kwa kuwa huko ndiko iliko kwa wingi. Ya kwenye nyama ya tunda ni kimeng'enya jamaa, si kile kile, na kiasi chake hakitabiriki.

La kopo halina kabisa, limepitishwa kwenye moto. La kuchemsha jamu vilevile. Papai nalo, papaini iko kwenye utomvu mweupe wa tunda bichi. Tunda likiiva utomvu unapungua sana, kwa hiyo papai bivu tamu lina papaini kidogo mno.

#7 Mkono wa Maabara
Kwa kuwa Dozi Kamili kagusa GDU, nitoe kipimo cha jikoni cha kujua kama kidonge kiko hai au kimekufa. Kinatumia kanuni ile ile: kimeng'enya kinakata gelatini, gelatini iliyokatwa haigandi.

Yeyusha gramu 7 za unga wa gelatini kwenye mililita 250 za maji ya moto. Acha ipoe hadi kikombe kishikike mkononi bila kuunguza, chini ya nyuzi 40. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanamwaga unga kwenye gelatini ya moto, kimeng'enya kinakufa, halafu wanalaumu kidonge. Gawa kwenye vikombe vitatu.

Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia unga wa kapsuli moja uliokorogwa kwenye kijiko cha maji baridi. Cha tatu tia unga wa kapsuli nyingine uliochemshwa kwanza kwenye maji kidogo kwa dakika 15, ukapozwa. Weka vikombe mahali pa vuguvugu kwa nusu saa, kisha kwenye friji saa 4. Cha kwanza na cha tatu vikiganda, cha pili kikabaki maji, kidonge kiko hai.

Kama ni kidonge kigumu chenye ganda la kuzuia asidi, kisage kuwa unga kwanza. Na usitumie agari badala ya gelatini. Agari ni kabohaidreti, itaganda hata ukimwagia kilo ya bromelaini.

#8 Tunda Bichi
Kikombe cha tatu cha nini? Viwili vinatosha.

#9 Mkono wa Maabara
Hicho ndicho kikombe muhimu kuliko vyote. Vidonge vingi vina vitu vingine ndani, hasa vitamini C au asidi ya sitriki, na asidi nyingi inalegeza gelatini hata bila kimeng'enya. Cha tatu kisipoganda, ujue kilicholegeza si bromelaini, au hukuchemsha vya kutosha. Papaini ni sugu kwa joto kuliko bromelaini, inapenda kufanya kazi hata kwenye nyuzi 65, kwa hiyo yenyewe ichemshe dakika 20 kamili.

#10 Dozi Kamili
Kipimo kizuri, niongeze mpaka wake. Kinasema hai au mfu, hakisemi dozi. Kapsuli dhaifu ya GDU 300 nayo inaweza kuzuia kikombe kidogo kisigande. Ukitaka kulinganisha chupa mbili, zimua: kapsuli nzima, robo yake, na sehemu moja ya 16. Angalia kila chupa inashindwa kwenye kikombe kipi. Hapo tofauti ya mara nne inaonekana kwa macho.

#11 Mzizi Mkavu
Dozi Kamili na mizani hawaachani! Mimi nilete hoja ya nguvu. Kuna dawa ya hospitali inaitwa NexoBrid, imetengenezwa kwa vimeng'enya vya shina la nanasi, inapakwa kwenye majeraha ya moto na kula ngozi iliyokufa ikaacha iliyo hai. Ilikubaliwa Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022. Sasa mtu ataniambiaje bromelaini ni hadithi?

#12 Bi Mizani
Ni mfano wa kweli, lakini unathibitisha jambo jingine. Ile inapakwa moja kwa moja juu ya tishu iliyokufa, inakaa saa 4, kisha inafutwa, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya maumivu na anaangaliwa. Haipiti tumboni wala kwenye damu kwanza. Nguvu ya kukata protini haina ubishi. Ubishi ni kama kidonge kinafikisha nguvu hiyo kwenye goti.

Na tafadhali, asitokee mtu wa kufungua kapsuli na kunyunyizia kwenye kidonda. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitaka kampuni ziache kuuza dawa za kupaka za papaini zilizokuwa hazijaidhinishwa, baada ya taarifa za watu kupata mzio mkali, shinikizo kushuka na moyo kwenda mbio.

#13 Kinga Tiifu
Mbona hakuna aliyegusa kinga ya mwili? Lebo nyingi zinasema papaini inaimarisha kingamwili.

#14 Mkono wa Maabara
Kwenye historia ya sayansi papaini inajulikana kwa kukata kingamwili, yaani protini za damu zinazoshika vijidudu. Mwaka 1959 Rodney Porter alitumia papaini kukata molekuli ya kingamwili vipande vitatu, viwili vya kushika kijidudu na kimoja cha mkia, na kazi hiyo ilichangia kumpa Nobel mwaka 1972 pamoja na Gerald Edelman. Hilo lilifanyika kwenye chombo cha maabara, halimaanishi kidonge kitakata kingamwili zako. Lakini anayeandika "inaimarisha kingamwili" aeleze njia, maana iliyothibitishwa wazi ni ya kukata.

#15 Mtaratibu
Turudi kwenye uvimbe. Kwa bromelaini peke yake kwenye goti lililochakaa, kuna jaribio la mwaka 2006 lililotumia miligramu 800 kwa siku kwa wiki 12, halikuonyesha kuwa bora kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa. Vidonge vya mchanganyiko, bromelaini na tripsini (kimeng'enya kingine cha kukata protini) na rutini (kemikali ya mimea), vimewahi kulinganishwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, na vikakaribiana. Ila tripsini inatoka kwa wanyama na rutini si kimeng'enya, kwa hiyo sifa hizo huwezi kuzipa nanasi peke yake.

Penye mashiko zaidi ni uvimbe wa muda mfupi. Kamati ya Ujerumani ya dawa za mimea, inayojulikana kama Kamisheni E, iliikubali bromelaini kwa uvimbe wa baada ya upasuaji au kuumia, hasa puani na kwenye sainasi, dozi miligramu 80 hadi 320 mara mbili au tatu kwa siku. Kwa kung'oa gego la mwisho la nyuma, majaribio yanapingana: mengine yanaona uvimbe na maumivu kupungua, mengine hayaoni.

#16 Chembechembe
Mtaratibu, hapo ndipo ninaposhikilia. Uvimbe wa jino lililong'olewa unafika kilele siku ya 2 au ya 3 kisha unashuka wenyewe. Ukianza kidonge siku ya 2, siku ya 5 utakisifia. Bila kundi la kulinganisha hujui ulichoona.

#17 Mtaratibu
Sawa, lakini majaribio niliyoyataja mengine yalikuwa na kundi la kulinganisha, na tofauti ilionekana. Haiwezi kuwa mwenendo wa kawaida peke yake.

#18 Bi Mizani
Njia zinazopendekezwa ni hizi. Ya kwanza, bromelaini inapunguza kininojeni, malighafi ya bradikinini, kemikali inayofanya mishipa ivuje maji na mahali pawashe maumivu. Ya pili, inasaidia kuvunja nyuzi za fibrini zinazoziba mahali palipoumia, maji yaliyotuama yakapata pa kutokea. Ya tatu, inanyoa baadhi ya protini kwenye uso wa seli nyeupe, kama CD44, seli zikapungua kasi ya kuvamia. Ya tatu imeonekana wazi kwenye seli za maabara.

#19 Mkono wa Maabara
Kila mojawapo ina tatizo. Damu ina mtego wa vimeng'enya vya aina hii, protini iitwayo makroglobulini alfa-2. Inakizunguka kimeng'enya na kukifungia. Kikiwa ndani ya mtego hakifikii protini kubwa kama fibrini, labda vipande vidogo tu. Kwa hiyo zile nanogramu za 1997 sehemu yake imeshafungiwa.

#20 Mtaratibu
Na wapo wanaosema mtego huo huo ndio dawa. Makroglobulini ikishashika kimeng'enya inabadilika umbo, inaanza kushika vizuri zaidi baadhi ya viashiria vya uvimbe na kuvipeleka ini kuondolewa. Hapo hauhitaji kiasi kikubwa cha bromelaini huru.

#21 Mkono wa Maabara
Hoja nzuri, ila makroglobulini kwenye damu ni gramu kadhaa kwa lita. Nanogramu za bromelaini zitabadilisha sehemu ndogo mno ya bahari hiyo.

#22 Tunda Bichi
Labda kazi inafanyika utumboni kwenyewe, haihitaji kuvuka. Ukuta wa utumbo una seli za kinga nyingi.

#23 Bi Mizani
Inawezekana. Na kuna maelezo mengine yanayosahaulika: bromelaini ya kidonge si kitu kimoja safi. Ina protiesi (vimeng'enya vya kukata protini) kadhaa, vimeng'enya vingine kama fosfatesi na peroksidesi, na vizuizi vya protiesi. Huenda kinachotuliza uvimbe si kile kinachopimwa kwa GDU. Dozi Kamili hatafurahi.

#24 Dozi Kamili
Ikithibitika nitabadili mizani! Kwa sasa GDU ndiyo inayopimika.

#25 Mzizi Mkavu
Wale wa tumbo kujaa gesi tumewaacha. Wengi wananunua kwa ajili hiyo.

#26 Mfuko Mwepesi
Wengi wao wananunua kimeng'enya kisichohusika. Bromelaini na papaini zinakata protini tu. Gesi ya maziwa inatokana na laktosi, ambayo ni sukari: inahitaji laktesi, vipimo 3,000 hadi 9,000 vya FCC (kipimo cha nguvu yake), pamoja na tonge la kwanza. Gesi ya maharage inatokana na sukari za rafinosi na stakiosi: inahitaji galaktosidesi ya alfa. Vyote viwili vinatengenezwa kwa ukungu au hamira, mara nyingi ukungu wa *Aspergillus*, hata kama chupa ina picha ya jani. Mwenye mzio wa ukungu ajue hilo.

Kosa la muda ndilo linaloua kazi. Kumeza baada ya kushiba, chakula kimeshatangulia. Kuchanganya kwenye chungu kinachochemka, kimeng'enya kimekufa. Na mwenye kisukari akumbuke kuwa galaktosidesi inageuza sukari isiyofyonzwa kuwa ya kufyonzwa.

#27 Mfuko Mwepesi
Nyongeza muhimu. Mtu anayetoa choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka vibaya, huku anapungua uzito, asitafute vidonge vya mimea. Huenda kongosho halitoi lipesi, kimeng'enya cha kuvunja mafuta. Matibabu yake ni vimeng'enya vya kongosho vya hospitali, kwa mtu mzima kawaida huanzia lipesi vipimo 40,000 hadi 50,000 kwa mlo mkuu. Papaini haigusi mafuta hata kidogo.

#28 Kinga Tiifu
Na minyoo? Papaini si inayeyusha minyoo?

#29 Mkono wa Maabara
Vimeng'enya vya jamii ya papaini vinakula ngozi ya nje ya minyoo duara, na kwa panya na kondoo imeonekana. Usichanganye na mbegu za papai, hizo zina kemikali nyingine ya jamii ya haradali. Kwa binadamu, albendazoli na mebendazoli zina dozi inayojulikana. Tumia hizo.

#30 Kinga Tiifu
Faibroidi je? Kuna wanaouza kwa ajili hiyo.

#31 Bi Mizani
Hapana. Faibroidi ni misuli hai ya kizazi inayokua, si protini iliyokaa ikisubiri kuyeyushwa. Hakuna kidonge cha nanasi kinachoifikia na kuiyeyusha. Mwenye damu nyingi ya hedhi aende akapimwe damu na kupigwa picha, maana kila mwezi wa kusubiri unamwongezea upungufu wa damu.

#32 Sauti ya Famasi
Kabla uzi haujaenda mbali, wasiotakiwa kujinunulia tu hawa hapa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, klopidogreli au aspirini ya kila siku: bromelaini inaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu, na dalili za kuangalia ni fizi kutoa damu, michubuko isiyo na sababu, choo cheusi. Anayesubiri upasuaji: asimamishe wiki 2 kabla. Anayetumia amoksilini au tetrasaiklini: kiwango cha dawa mwilini kinaweza kupanda. Mwenye vidonda vya tumbo asimeze tumbo likiwa tupu. Mjamzito aache papaini kabisa.

Mzio nao: mwenye mzio wa mpira wa glavu, nanasi, kiwi au papai asiguse. Na msifungue kapsuli ovyo. Unga wa papaini ukivutwa puani unaweza kuleta pumu, jambo linalojulikana kwa wafanyakazi wa viwanda vyake. Mkono wa Maabara, kwenye kile kipimo chako ungetaja barakoa.

#33 Mkono wa Maabara
Kweli kabisa. Fungulia kapsuli ndani ya kijiko cha maji, usiipulize wala kuikung'uta hewani.

#34 Mzizi Mkavu
Sauti ya Famasi, hapo sielewi. Mtaratibu kasema inasaidia uvimbe baada ya upasuaji, wewe unasema isimamishwe kabla. Ipi?

#35 Sauti ya Famasi
Zote. Kabla, hofu ni damu kutoganda mezani. Baada, daktari aliyepasua akisharidhika kidonda hakivuji, ndiye anaruhusu. Ratiba za kumeza pia hazifanani: kwa uvimbe, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada yake, ili isiishie kukata nyama uliyokula. Kwa mmeng'enyo wa protini, pamoja na tonge la kwanza.

#36 Dozi Kamili
Kuhifadhi: eneo la kazi la vimeng'enya hivi lina salfa inayoharibika kwa hewa na unyevu. Funga chupa mara moja, acha kile kifuko cha kunyonya unyevu ndani. Friji inayofunguliwa kila mara ni mbaya kuliko kabati kavu, kwa sababu chupa baridi ikifunguliwa kwenye hewa ya joto inajaa umande ndani. Unga ukishagandamana na kuwa kahawia, fanya kipimo cha gelatini kabla hujaendelea kumeza.

#37 Chembechembe
Narekebisha hoja ya #1: si yote inavunjwa tumboni. Lakini hakuna aliyeniamulia ubishi wa #19 hadi #23. Mtego, au utumbo, au kitu kingine ndani ya unga? Na kile kidonge chenye ganda la kuzuia asidi, mbona kinauzwa kwa ajili ya mmeng'enyo?

#38 Mfuko Mwepesi
Hilo la ganda ni kosa la mtengenezaji. Ganda linafunguka pH ikipita 5.5 hivi, yaani kimeng'enya kinatoka kwenye utumbo mwembamba, ambako kongosho tayari limemwaga tripsini ya kutosha. Kwa mmeng'enyo chagua kapsuli isiyo na ganda. Ganda lina maana kwa anayelenga uvimbe.

#39 Tunda Bichi
Basi jaribio la kutenganisha lipo: ganda kwa kundi moja, bila ganda kwa lingine, GDU zile zile. Uvimbe ukipungua sawa kwa wote, maelezo ya kufyonzwa yanayumba.

#40 Mkono wa Maabara
Liongeze kundi la tatu, unga uliochemshwa. Bila hilo hutajua kama ni kimeng'enya au ni kile kingine alichosema Bi Mizani kwenye #23.